Siku Modemu Ilipopewa Tatu

Jambo la kwanza, wanangu: msiweke jampa mdomoni.

Nasema hivi kwa sababu mimi niliiweka, nikaimeza. Jampa ni kile kikofia cheusi cha plastiki, kidogo kuliko punje ya mchele, kinachovishwa kwenye vijipini viwili vya kadi ya kompyuta ili viungane. Wiki yangu ya pili katika ufundi wa kompyuta, nilikuwa nimeinama juu ya kadi na kikofia hicho nimekibana kwa midomo, kama fundi cherehani anavyobana pini. Mteja akaingia nyuma yangu, akapiga hodi kwa sauti ya kuuza samaki. Nikashtuka. Jampa ikapita.

Mwalimu wangu, Mzee Ponsiano, alikuwa upande wa pili wa meza. Alinitazama kooni, akasubiri nimalize kukohoa.

"Imekwenda?"

"Imekwenda, Mzee."

"Ilikuwa ya namba ngapi?"

"Ya namba tano."

"Basi andika kwenye daftari: namba tano imechukuliwa na Somoe."

Akaendelea na kazi yake. Alikuwa hivyo. Mmakonde wa Newala, mrefu, mkimya, aliyefanya kazi ya simu nusu ya maisha yake kabla ya kufungua karakana pale Lindi mjini. Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na Ramadhani ilipofika hakunywa hata maji mbele yangu. Wanafunzi wake wote, mwanamume au mwanamke, alituita "bwana fundi". Nilimwambia siku moja, "Mzee, mimi ni bibi." Akasema, "Ubibi uko nyumbani kwako Mtanda. Hapa umeshika bisibisi."

Mimi sikuzaliwa na kompyuta. Nilikuwa fundi wa mashine za taipu katika shirika moja la umma. Miaka ya soko huria ilipoingia, shirika likatafutiwa mwenyewe, na mwenyewe alipopatikana akatazama orodha ya watu na kusema fundi wa taipu wa nini. Tulipunguzwa asubuhi moja, watu wengi kwa pamoja, tukapewa barua zilizochapwa kwa mashine niliyoitengeneza mimi mwenyewe wiki ile. Herufi zilitoka safi kabisa. Nililia, kisha nikajisifu, kisha nikaenda kumwona Mzee Ponsiano.

Wakati huohuo milango ilikuwa imefunguka. Vitu vilivyokuwa vya kusikia tu vikaanza kuteremka kwenye malori: mashine za fotokopi, redio za kila rangi, na kompyuta zilizokwisha tumika Ulaya, zimefungwa kwa magazeti ya lugha tusiyoijua. Kila mwenye duka la uchapaji alitaka moja. Waliojua kuiwasha walikuwa wachache. Waliojua kuifungua ndani tulihesabika kwa vidole.

Nyinyi leo mnachomeka kitu kwenye tundu, mashine inalia *ting*, basi. Hamuulizi imekijuaje. Sisi ilitubidi tujue.

Iko hivi. Ndani ya kompyuta kuna prosesa moja inayofanya kazi bila kupumua. Sasa kipanya kikisogezwa, kitufe kikibonyezwa, modemu, yaani kifaa kinachopeleka barua kwa laini ya simu, ikipokea neno, kila kimoja lazima kiikatize prosesa: acha unachofanya, nisikilize. Kwa kazi hiyo kila kifaa kilipewa namba ya kubishia hodi. Mafundi tuliziita ai-ar-kyu. Zilikuwa kumi na sita tu, kuanzia sufuri mpaka kumi na tano, na nyingi zilikuwa na wenyewe tangu kiwandani. Sufuri ya saa. Moja ya kibodi. Sita ya diski laini. Saba ya printa. Kumi na nne ya diski kubwa. Ukiondoa za wenyewe unabaki na chache za kuwagawia wageni, yaani zile kadi unazoongeza: ya sauti, ya modemu, ya mtandao.

Kosa ni kuzipa kadi mbili namba moja. Hodi inasikika, prosesa inakwenda mlango mmoja kuuliza "nani?", kumbe aliyebisha yuko mlango wa pili. Aliyebisha anangoja. Anangoja mpaka anazimia. Na mashine haikwambii. Inafanya vituko tu.

Vituko nimeviona. Bwana mmoja mwenye duka la kurekodi kanda alinunua kadi ya sauti, nami nikamfungia kwa mbwembwe zote, bila kuangalia jampa. Kadi ilikuwa na saba, namba ya printa. Siku akichapa risiti huku taarabu inapiga, mwimbaji anakwama: "nakupe— nakupe— nakupe—" mpaka karatasi itoke, ndipo anamaliza "—nda!" Wateja walidhani ni mtindo mpya, wengine wakaja mahsusi kuusikiliza. Nilipohamisha jampa, nikaipa kadi namba tano, yule bwana alinishukuru kwa uso wa huzuni.

Mzee Ponsiano alinifundisha dawa yake. Usifunge kadi mbili kwa siku moja. Funga moja, washa, jaribu kila kitu, hata kile ambacho hakikuhusu. Kisha nyingine. Na ndani ya kifuniko cha kasha bandika karatasi, uandike kila kadi na namba yake, kwa mwandiko unaosomeka, kwa sababu atakayefungua mwakani huenda akawa wewe mwenyewe, na utakuwa umesahau.

Kisha zikaja mashine mpya zaidi, za "chomeka tu". Ndani ya madabodi, ule ubao mkuu unaochomekwa kadi zote, kuna programu ndogo inayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Jina lake bayosi. Hiyo sasa ikapewa madaraka ya kugawa namba yenyewe. Ikishagawa, mfumo wa madirisha unaamka, unapokea mgao, na wakati mwingine unagawa upya kwa akili zake. Kadi mpya zilikubali kupangiwa, na hata kuchangia namba bila ugomvi. Kadi za zamani, za jampa, hazikujua habari hiyo. Ziliishika namba yao na kunyamaza, na bayosi haikuwa na njia ya kujua kwamba imeshikwa. Tulipata miaka kadhaa ambayo kadi mpya na za zamani zilikaa kwenye madabodi moja, na hiyo ndiyo miaka iliyonipa mvi. Pia ndiyo iliyonipeleka Kilwa.

Siku moja simu ililia karakanani. Alikuwa Bi Sharifa, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wa mwani. Mashamba yao yalikuwa baharini huko Pande, lakini ghala na ofisi walikuwa navyo Kilwa Masoko, kwa sababu ndiko kwenye simu na umeme wa jenereta. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka pwani hadi kwenye kina kirefu.

"Fundi, mashine yetu ina barua haitoki. Mnunuzi wa ng'ambo anataka jibu Ijumaa. Asipolipata atachukua mwani wa watu wengine, na sisi magunia yetu yameshafungwa, yamefika darini. Njoo."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Barabara ya wakati ule hamuijui. Nilipanda lori la chumvi alfajiri ya Alhamisi na mfuko wangu wa bisibisi, nikafika Nangurukuru jioni nikiwa na chumvi mpaka kwenye nyusi, na Ijumaa saa tatu asubuhi nikaingia ghalani Masoko.

Kina mama kama kumi na tano walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na harufu ya mwani mkavu imejaa. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama bibi harusi. Pembeni yake alisimama mwanamke wa miaka kama thelathini, mwembamba, mikono ameifumbata nyuma. Nilipomsalimia aliitikia kwa sauti ndogo sana.

"Huyo Tatu," akasema Bi Sharifa. "Ndiye karani wetu. Ndiye aliyesomea mashine." Kisha akanivuta kando, akapunguza sauti, ingawa sauti yake ikipunguzwa bado inafika nje. "Fundi, nikueleze ukweli. Tatizo si mashine. Tatu ana nuksi."

"Nuksi gani, Bi Sharifa?"

"Tumeangalia wenyewe. Simu ikipigwa na mashine, Tatu akiwa amekwenda msalani, inashika. Inalia vizuri, *kriii*, inashika. Tatu akirudi akakaa, hata dakika haipiti, inakatika. Si mara moja, fundi. Mara kumi. Leo baada ya swala tunakaa kumwondoa. Hatumchukii, lakini watoto wetu watakula nini?"

Nilitazama meza. Kipanya kilikuwa cha aina ile ya zamani, chenye waya mnene unaoingia nyuma kwenye tundu la kwanza la mawasiliano. Nikapata shaka. Nikafungua kasha. Modemu ilikuwa kadi ya jampa, aliyeiuza ameiweka kama tundu la tatu. Sasa sikilizeni hapa, maana ni sheria ya zamani: tundu la kwanza na la tatu yanatumia hodi moja, namba nne. La pili na la nne yanatumia namba tatu. Kwa hiyo kipanya na modemu walikuwa wakibisha kwa namba nne wote wawili. Kipanya kikitulia, modemu inazungumza na Dar es Salaam raha mustarehe. Kipanya kikisogea hata unywele, modemu inakatwa kauli.

Na ni nani pale ghalani aliyejua kushika kipanya?

Nikageuka. "Bi Sharifa, nimeona. Ni kipanya."

"Panya!" Mama mmoja akaruka juu ya gunia. Wengine wakakusanya kanga zao. Ilichukua muda kueleza kwamba panya ninayemsema ni huyu wa plastiki. Bi Sharifa hakucheka.

"Na huyo kipanya anashikwa na nani?"

"Na Tatu."

"Basi." Akawageukia wenzake. "Mmesikia na fundi."

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili ni kubwa kuliko la kumeza jampa. Nilikuwa na haraka. Umeme ungezimwa saa kumi, mnunuzi anangoja, na lori la kurudi Lindi lingeondoka baada ya swala ya Ijumaa. Nikachagua njia fupi. Nikachomoa kipanya, nikawasha mashine upya, nikatuma barua kwa vitufe vya kibodi peke yake. Modemu ikalia, ikashika, barua ikaenda. Vigelegele vilinitia uziwi masikioni.

Lakini tazameni nilichofanya. Barua imekwenda siku ambayo Tatu hakugusa kitu. Kwa macho ya wale kina mama, mimi fundi kutoka Lindi nimekuja kuthibitisha nuksi.

Sikuliona hilo. Nilisema nitarudi wiki nyingine kuzitenganisha kadi, nikanawa mikono, nikaletewa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, na chai, nikaenda stendi. Nimekwisha kukaa juu ya turubai la lori, mfuko mapajani, nikamwona Tatu anapita barabarani na kikapu. Ndani yake kalamu, kitambaa kile cha kufumwa, na daftari la masomo yake ya kompyuta.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Nyumbani, fundi. Wamesema niende tu, kikao watamaliza wenyewe." Akajaribu kutabasamu. "Asante kwa barua. Kweli nilikuwa naogopa isingefika."

"Lakini si kosa lako. Ni kadi mbili zimepewa namba moja."

"Najua, fundi. Nilikuwa nakusikiliza ulipokuwa unasema peke yako mle ndani ya kasha." Akaangalia chini. "Lakini hata mume wangu aliponiacha walisema hivyohivyo. Boti ikizama, Tatu. Kuku wakifa, Tatu. Sasa na mashine. Nitawajibu nini?"

Dereva akapiga honi. Lori jingine la Lindi lingekuwa Jumapili, kama lingekuwa. Nyumbani nilikuwa na mgonjwa wa kutazama, mama yangu, na nilikuwa nimeacha jirani amshike kwa siku mbili tu.

Nikamwambia dereva, "Ukifika Mtanda, waambie nimebaki. Modemu haijapona." Nikashuka.

Tulirudi ghalani mimi na Tatu. Kina mama walikuwa wamekaa duara. Bi Sharifa alipotuona akanyanyua nyusi.

"Fundi, hujaondoka?"

"Nimesahau kitu. Bi Sharifa, naomba ukae kwenye kiti hiki."

"Mimi?"

"Wewe, mwenyekiti. Tatu, wewe toka nje. Nenda mpaka kwenye mnazi ule, simama tukuone."

Tatu akatoka. Nikachomeka kipanya, nikawasha mashine, nikapiga simu. *Kriii*, ikashika. Nikamwambia Bi Sharifa, "Kamata hiki. Kisogeze kidogo, kama unakanda unga."

Aliweka mkono wake wenye bangili tatu juu ya kipanya, kwa heshima, kama anayemgusa mtoto mchanga wa watu. Akakisogeza.

Laini ikakatika.

Kina mama wakageuka kutazama nje. Tatu yuko kule mnazini, upepo unampeperusha kanga, anatutazama bila kujua kinachoendelea.

"Rudia," akasema Bi Sharifa.

Nikapiga tena. Ikashika. Akasogeza. Ikakatika. Akamwita jirani yake, "Njoo wewe." Ikakatika. Akamwita mwingine, mama mnene aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi. Ikakatika. Wakapanga foleni! Kila mmoja anataka kujua kama na yeye ana nuksi, na kila mmoja anayo. Waliokwisha jaribu wanashangilia wanaojaribu. Gharama ya simu sikuitazama. Mwisho Bi Sharifa alijitupa nyuma kwenye kiti, akajipiga paja na kucheka mpaka machozi.

"Jamani! Kumbe kikundi kizima ni nuksi tupu!"

Wakamwita Tatu kwa mikono na kwa kelele. Alikuja akikimbia, akidhani kuna moto.

Sasa ilibaki kutengeneza, na wakati ulikuwa unakwisha. Saa nane na nusu. Nikatoa modemu, nikahamisha jampa zake ziwe za tundu la pili, namba tatu. Safari hii nilizishika kwa koleo, mdomo umefungwa. Nikawasha. Kimya. Nikakumbuka: madabodi ina tundu la pili lake yenyewe nyuma, hakuna kilichochomekwa, lakini bayosi imelihifadhia namba tatu. Nikaingia kwenye mipangilio ya bayosi mashine ikiamka, nikalizima lile tundu. Nikawasha tena. Bado kimya. Nikafungua orodha ya vifaa, nikakuta alama ya mshangao ya njano, imenikodolea kama jicho la mgonjwa wa homa ya manjano. Kadi ya picha imekaa kwenye namba tatu!

Jasho likanitoka. Nikanyanyua simu, nikampigia Mzee Ponsiano Lindi. Laini ilikuwa na upepo, ikabidi apige kelele, na yeye hakuwa mtu wa kelele. Nikamweleza.

"Bwana fundi, umeifungua tatu. Je, umeiambia bayosi kwamba tatu ina mwenyewe?"

"Hapana, Mzee."

"Basi imeona nafasi tupu, ikampa kadi ya picha. Haikukosea. Ingia tena, kwenye ukurasa wa namba, uandike kwamba tatu ni ya kadi ya zamani. Kisha nenda kwenye madirisha, ifute modemu kwenye orodha, iitafute upya, maana ile inakumbuka mgao wa jana." Kisha akapandisha sauti kupita upepo wa laini, mpaka ghala zima likasikia. "Mpe tatu! Usimpe mwingine! Mpe tatu!"

Bi Sharifa alisimama wima.

"Huyo ni nani?"

"Mwalimu wangu."

"Na yeye anamjua Tatu?"

Nilitaka kueleza kwamba ni namba. Nikawatazama wale kina mama, nikamtazama Tatu, nikaona maelezo yanaweza kungoja. "Anasema modemu apewe Tatu," nikasema. Haukuwa uongo.

Nikafanya kama nilivyoambiwa. Ukurasa wa namba, tatu, ya kadi ya zamani. Kufuta, kutafuta upya. Alama ya njano ikatoweka. Saa tisa na robo nikanyanyuka kwenye kiti, nikamwonyesha Tatu akae. Alipiga simu mwenyewe. *Kriii*. Ikashika. Mkono wake ukabaki juu ya meza, haukuthubutu.

"Kishike," nikamwambia.

Alikishika. Akakisogeza kulia. Akakisogeza kushoto. Akakizungusha, mara moja, mara tatu, mshale unazunguka kwenye kioo kama mtoto anayecheza, na laini imeshika, imeshika, imeshika. Hakuna aliyepiga kigelegele. Walikuwa wanamwangalia uso. Na palepale, laini ikiwa hewani, ikaingia barua. Tatu akaibonyeza kwa kipanya, akaisoma kimoyomoyo kwanza, midomo ikicheza, kisha akaitafsiri kwa sauti: mnunuzi amepokea jibu letu, mwani wote uliomo ghalani anauchukua, na anamshukuru aliyeandika barua kwa kueleza vizuri.

"Aliandika nani?" akauliza Bi Sharifa, ingawa alijua.

"Mimi," akasema Tatu.

Vigelegele vya hapo, wanangu, sina namna ya kuviandika.

Nilikaa mpaka Jumapili. Jumamosi walinipeleka Pande, wakapika wali wa nazi na pweza, na kabla ya kula Bi Sharifa alisimama mbele ya kila mtu, wakubwa kwa wadogo, akasema: "Mimi ndiye niliyetamka nuksi, na mimi ndiye ninayelitengua neno langu. Tatu, mwanangu, nisamehe." Tatu akamwinamia, akambusu mkono. Tukanawa mikono. Chakula kilikuwa kinapoa. Na mama yangu, mtauliza? Nilimkuta Mtanda mzima wa afya, ananung'unika kwamba jirani anapika vizuri kunizidi.

Katika kazi hii nimefungua makasha mengi kuliko ninavyokumbuka. Namba zile kumi na sita leo hazimsumbui mtu. Mashine zenu zinajigawia zenyewe kwa namna ambayo hata mimi sijaifuata yote. Sawa. Sihuzuniki. Lakini mkiambiwa kwamba mashine haimpendi fulani, angalieni kwanza fulani anagusa nini ambacho wengine hawagusi. Na msipande lori kabla ya kuangalia uso wa mtu mliyemwacha nyuma.

Miezi mingi ilipita baada ya Kilwa. Asubuhi moja ya kazi nyingi, karakana imejaa wateja, simu ikalia. Nikasikia, "Shikamoo, fundi. Ni Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini? Imekatika tena?"

"Haijakatika. Tumenunua printa. Nikaongeza na kadi yake, maana tundu la printa lilikuwa bovu. Ikagoma."

Nikavuta kiti, nikatafuta kalamu. "Haya, nieleze taratibu. Imekaa kwenye namba ngapi?"

"La, fundi, nimeshamaliza. Ilikuwa tano, inagombana na kadi ya sauti iliyomo humu. Nimezitenganisha tangu jana. Karatasi nimebandika kwenye kifuniko."

"Sasa umepiga simu ya mbali yote hii kuniambia nini?"

"Nimepiga usikie."

Kisha nikasikia simu inawekwa chini mezani, kule Masoko, na viatu vyake vinatembea sakafuni. Kimya kidogo. Halafu printa ikaanza, *zrr-zrr, zrr-zrr*, mstari baada ya mstari, bila kukwama. Mteja aliyekuwa mbele yangu akauliza kama ninamhudumia au simhudumii. Nikamnyooshea kidole angoje, nikabana simu sikioni, nikasikiliza ukurasa wote mpaka mwisho.